Barua Kumi na Tisa Zilizofichwa kwa Majina ya Ndizi

SIRI

Yeyote atakayezishika karatasi hizi anaombwa sana, kwa heshima ya waliokwisha kuzikwa, asimsomee mtu hata mstari mmoja. Asizifungue ndani ya basi, asizitaje gulioni wala kwenye mlango wa kanisa baada ya ibada. Majina ya watoto hayamo, isipokuwa la mmoja, lakini hapa Kagoma ukimtajia mtu aina ya ndizi na upande wa kilima, hahitaji jina. Aliyezipata kwa bahati mbaya azikunje na kuzirudisha kwa njia iliyoelezwa mwishoni. Zimeandikwa nakala mbili tu, kwa mkono.

UMOJA WA WALEZI KAGOMA
KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI: KUANDAA KOMPYUTA KABLA YA WARSHA YA BUKOBA

Tarehe: Jumamosi, 16 Oktoba 2004
Mahali: Chumba cha ofisi, nyuma ya ukumbi wa Usharika, Kagoma, Wilaya ya Muleba
Kuanza: saa 3:20 asubuhi

Waliohudhuria:
Mzee Ishengoma, mwalimu mstaafu – Mwenyekiti
Bi. Bernadeta – Mweka Hazina
Ndg. Shilogile, mfanyabiashara wa samaki – Mjumbe, anawakilisha walezi wa visiwani
Bi. Kokuhirwa, mdogo wa marehemu Kokushubila – Mwalikwa
Kemilembe Buberwa – Katibu

Wasiohudhuria:
Mchungaji Rugemalira – kwa taarifa (mazishi mawili)
Bi. Kokushubila, Katibu wa zamani – marehemu tangu tarehe 9 Mei. Mwenyekiti aliagiza jina lake lisiondolewe kwenye orodha hadi mwaka utimie.

KUMB. NA. 1/7/2004: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Alieleza kwamba sala ilikuwa fupi kwa sababu jenereta ilikuwa imekwisha kuwashwa.

Kahawa ya kutafuna ilizungushwa katika kikapu kidogo cha marehemu. Bi. Bernadeta alisema kwamba enzi za marehemu kikapu hicho hakikuwahi kufika mezani kikiwa nusu. Katibu, ambaye ndiye anayekijaza siku hizi, aliomba radhi.

Mwenyekiti alimwuliza Katibu kwa nini bado anakaa juu ya kreti la soda wakati kiti cha marehemu kiko wazi. Katibu alijibu kwamba hapo kwenye kreti panamtosha. Bi. Kokuhirwa alisema yeye kama mdogo wa marehemu hana kinyongo na mtu kukikalia. Katibu alishukuru na kubaki kwenye kreti.

KUMB. NA. 2/7/2004: MWALIKO WA WARSHA

Katibu alisoma barua ya mwaliko. Warsha ni ya siku tano, itafanyika Kashai, Bukoba, kuanzia Jumatatu tarehe 18, na inahusu programu huria. Alipoulizwa maana yake, alieleza kwamba hizo ni programu za kompyuta ambazo waliozitengeneza wameruhusu kila mtu azitumie, azinakili, ampe jirani, hata azifumue ndani na kuzibadilisha bila kuomba ruhusa.

Bi. Bernadeta aliuliza watu hao wanatafuta nini, kwani hajapata kuona mtu anayetoa kitu cha maana bila kutafuta kitu.

Ndg. Shilogile alisema, "Mama, si ni kama miche ya migomba? Wewe umewahi kumnyima jirani chipukizi?"

Bi. Bernadeta alijibu, "Leo Msukuma wa samaki ndiye wa kunifundisha migomba. Haya, tumefika."

Mwenyekiti aliwaomba wajumbe warudi kwenye ajenda.

Katibu aliendelea kueleza masharti. Kila chama kipeleke kompyuta yake ikiwa tayari imewekewa mfumo mpya kutoka kwenye sidii iliyokuja na barua. Sidii hiyo, ikifuatwa kama ilivyoelekezwa, hufuta kila kilichomo kwenye mashine. Washiriki watafungua mashine za wenzao ili kujifunza. Mashine ambayo haikuandaliwa haitapokelewa.

Alieleza pia kwamba mfumo wa sasa unajizima wenyewe hadi mara tatu kwa siku, na kwamba daftari la watoto la Septemba limepotea mara mbili na kuandikwa upya.

ILIAMULIWA kwamba Umoja ushiriki, Katibu aende, na mashine ipakiwe kwenye basi la Jumapili mchana.

KUMB. NA. 3/7/2004: TAARIFA YA MAANDALIZI

Katibu alitoa taarifa ya kazi aliyoifanya siku ya Alhamisi. Alikiondoa kitambaa cha kufuma ambacho marehemu alikuwa akiifunikia mashine, akakikunja. Alifungua sanduku la mashine na kutoa vumbi kwa unyoya wa kuku. Alikitoa kijipira cha kipanya na kukwangua uchafu kwa kucha. Alipunguza vitu visivyo na kazi ndani ya mashine, yaani mchezo wa karata, kalenda za mwaka 1999 na taarifa za zamani.

Bi. Kokuhirwa aliomba kukiona kitambaa. Alikishika kwa muda. Alisema dada yake alikifuma mwaka 1997, mwezi ule mashine ilipoletwa na wageni wa Usharika. Alikuwa akichapa kwa vidole viwili, miwani ikiwa imefungwa kwa uzi mweusi, na kila Alhamisi baada ya gulio wazazi walikaa kwenye benchi la nje wakisubiri zamu. Wengine walikuja wakitembea, wengine walibebwa. Mzazi alikaa ndani, mlango ukafungwa, akasema anayotaka mwanawe aje kuyasoma akishakuwa mkubwa. Marehemu hakumruhusu mzazi kusema hata neno moja jenereta ikiwa imezimwa, maana sauti yake ndiyo iliyowazuia wa kwenye benchi wasisikie.

Mwenyekiti alisema bado anaikumbuka harufu ya kahawa iliyotoka humu Alhamisi hizo. Alisema miaka ya nyuma zaidi, UKIMWI ulipokuwa bado unaitwa Juliana, kama zile fulana za magendo, watu walikufa bila kumwachia mtoto hata sentensi. Marehemu aliona hilo halifai.



Bi. Bernadeta alikumbusha kwamba petroli inaungua.

KUMB. NA. 4/7/2004: BARUA ZA WAZAZI

Mwenyekiti alieleza kwamba sababu hasa ya kuita kikao cha dharura ni barua hizo. Ziko kumi na tisa ambazo wenyewe hawajafikia siku ya kupewa. Wino wa printa umekauka tangu marehemu alipolala kitandani. Flopi zote zimeota ukungu. Kwa hiyo barua zimo ndani ya mashine tu, na mashine inaondoka kesho kwenda kufunguliwa na watu wasiojulikana. Zikienda nayo, zitasomwa. Sidii ikiwekwa kabla ya kuzitoa, zitafutika.

Alieleza kwamba mwaka 1978, alipokuwa akifundisha upande wa Kyaka, aliposikia mizinga ya vita alilifunga daftari la mahudhurio la darasa lake kwenye nailoni na kulizika shambani. Aliporudi mwaka 1979 alikuta mchwa wamelimaliza. Darasa lilikuwa na watoto arobaini na mmoja, na si wote waliorudi. Tangu hapo haamini kitu kilichohifadhiwa mahali pamoja. Aliyataja majina ya watoto hao kwa kichwa hadi la ishirini na sita, ndipo Bi. Bernadeta alipokumbusha tena habari ya petroli.

Mwenyekiti alimtaka Katibu aonyeshe barua zilipo. Katibu alitafuta. Hazikuonekana. Alitafuta kwa jina la kila mwaka kuanzia 1997. Hazikuonekana.

Bi. Kokuhirwa alisema, "Binti yangu, hutazipata kwa kutafuta barua. Dada aliziita ndizi." Alitoa kwenye mkoba daftari dogo la kurasa arobaini. Alieleza kwamba kila barua ilipewa jina la ndizi iliyokuwa karibu na mlango wa mzazi: Nshakala, Ntobe, Nyoya, na kadhalika, na kwamba jina la mtoto liko kwenye daftari hili peke yake. Yeyote ambaye angefungua mashine angedhani ni habari za shamba. Zote zilikaa kwenye jalada lililoitwa Ndizi.

Katibu aliomba ruhusa ya kutoka nje. Ruhusa ilitolewa.

Katibu alirejea baada ya dakika sita na kuomba ieleweke kwamba siku ya Alhamisi aliliona jalada lililoitwa Ndizi, akadhani ni taarifa ya mradi wa bwana shamba wa miaka iliyopita, na akalifuta.

KUMB. NA. 5/7/2004: MJADALA KUHUSU KOSA LA KATIBU

Bi. Bernadeta alisema tangu mwanzo hakuafiki ofisi kukabidhiwa mtu wa miaka ishirini, na kwamba maneno yake yapo katika kumbukumbu za Juni. Katibu alithibitisha kwamba yapo.

Bi. Bernadeta aliendelea, "Wale watu walibebwa kwa machela kuja hapa. Kwa machela, Kemilembe! Wewe umewafuta kama makombo."

Bi. Kokuhirwa alikikunja kitambaa upya.

Ndg. Shilogile aliuliza kama kitu kikifutwa kwenye kompyuta kinakwenda wapi. Alisema kule ziwani hata wavu ukikatika huzama mahali, na kuna watu wanaupata.

Katibu alieleza kwamba vitu vilivyofutwa huingia kwanza kwenye kapu la taka lililomo humohumo ndani ya mashine, na hukaa humo hadi mtu aamue kulimwaga. Mwenyekiti aliuliza kama kapu lilimwagwa. Katibu alijibu kwamba alipotaka kulimwaga, mashine ilimwuliza kama ana hakika. Aliogopa kujibu ndiyo. Alieleza kwamba hajawahi kulimwaga kapu hata mara moja tangu Mei.

Mwenyekiti alisema, "Sasa waitu, binti yetu, unasubiri nini? Fungua."

Kapu lilifunguliwa saa 4:50. Zilikuwemo karata, zilikuwemo kalenda, na lilikuwemo jalada la Ndizi. Katibu alilirudisha mahali pake. Bi. Kokuhirwa alisoma majina ya ndizi kutoka kwenye daftari, moja moja, bila kutaja mtoto, na Katibu alijibu "ipo" kwa kila moja. Zilikuwa kumi na tisa.

Bi. Bernadeta alisema kwamba leo woga umefanya kazi ya akili, lakini isizoeleke. Hata hivyo alikwenda kumletea Katibu maji ya kunywa.

KUMB. NA. 6/7/2004: NANI ANAKILI BARUA

Ilikubalika kwamba barua zinakiliwe kwa mkono, kila moja mara mbili. Mwenyekiti alisisitiza mara mbili kwa sababu ya mchwa.

Hapo ulizuka ugumu. Marehemu aliwaahidi wazazi kwamba hakuna mtu wa Kagoma atakayesoma kabla ya mtoto. Bi. Bernadeta alijitolea, akisema mwandiko wake unasomeka. Bi. Kokuhirwa alisema hana shaka na mwandiko. Bi. Bernadeta aliuliza ana shaka na nini. Bi. Kokuhirwa alisema harusi ya mwaka jana iliyovunjika kwa maneno haikuvunjwa na mwandiko. Mwenyekiti aliwazuia wote wawili.

Mwenyekiti mwenyewe alikataa, kwa kuwa wazazi wengi walikuwa wanafunzi wake na asingeweza kuvumilia. Katibu alieleza kwamba na yeye ni mtu wa Kagoma.

Ndg. Shilogile aliuliza barua zimeandikwa kwa lugha gani. Alijibiwa kwamba ni Kihaya kitupu, kama wazazi walivyosema. Alisema, "Basi mimi niandike. Miaka kumi na moja Mama Bernadeta ananiaibisha kila kikao kwamba nimekula ndizi za Wahaya bila kujifunza Kihaya. Kusoma herufi najua, darasa la saba nilimaliza. Nitachora kila herufi kama ilivyo. Sitaelewa kitu."

Bi. Bernadeta alisema hilo lithibitishwe kwanza. Alimgeukia Ndg. Shilogile na kumwambia kwa Kihaya, kwa sauti ya upole, maneno yanayohusu samaki, miguu na usafi wa mwili, ambayo Katibu hakuyaandika. Mwenyekiti alikohoa. Bi. Kokuhirwa aliangalia nje.

Ndg. Shilogile alitabasamu na kusema, "Asante sana, Mama. Na wewe pia."

Wajumbe walicheka kwa muda, Bi. Bernadeta kuliko wote, hadi akafuta machozi. Alisema hoja yake ameiondoa.

ILIAMULIWA kwamba Ndg. Shilogile anakili barua zote. Katibu afungue kila barua kisha ageuke ukutani. Bi. Kokuhirwa akae mlangoni. Daftari dogo lisiingie chumbani.

KUMB. NA. 7/7/2004: KUNAKILI NA KUWEKA MFUMO MPYA

Kazi ilianza saa 5:30. Ndg. Shilogile, akiwa hajui, alivuta kiti cha marehemu na kukikalia. Hakuna aliyemwambia kitu.

Saa 7 petroli iliisha. Ndg. Shilogile aliagiza dumu la petroli ya mashine ya mtumbwi wake, ambayo imechanganywa na oili. Jenereta ilikubali kwa moshi mwingi. Mwenyekiti alisema sauti ni ileile ya Alhamisi za zamani, na aliomba aachwe akae kwenye benchi la nje. Alikaa huko peke yake hadi saa 10.

Barua nyingi zilikuwa za mistari michache tu. Ndg. Shilogile aliandika taratibu, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo. Hakuuliza neno lolote isipokuwa kalamu nyingine. Saa 10:05 aliweka kalamu chini na kusema, "Binti, samahani. Najua sitakiwi kusema kitu. Lakini hii ya mwisho, Nshakala, nimeandika jina lako mara tisa."

Katibu alikuwa ameelekea ukutani na alibaki hivyo.

Bi. Kokuhirwa aliingia na kusema Katibu hakutakiwa kujua kwa njia hii, lakini sasa amejua. Ndg. Shilogile aliomba radhi kwa wajumbe wote. Radhi ilipokelewa.

Barua zilitiwa kwenye bahasha na kugundishwa kwa ugali wa muhogo. Katibu aliweka sidii. Mfumo mpya uliuliza kama ana hakika kwamba vyote vilivyomo vifutwe. Katibu aliuliza kama bahasha ni kumi na tisa mara mbili. Bi. Bernadeta alizihesabu kwa sauti hadi thelathini na nane. Katibu alibonyeza ndiyo. Mfumo uliingia kwa dakika hamsini. Mashine iliwaka upya na haikujizima.

KUMB. NA. 8/7/2004: MENGINEYO

Mwenyekiti alisema kwamba, kwa kuwa jambo la Nshakala limekwisha kujulikana, Bi. Kokuhirwa asome sharti lake kwenye daftari dogo. Kila mzazi aliweka siku yake: wengine mtoto akimaliza shule, wengine akioa au kuolewa. Bi. Kokuhirwa alisoma: "Nshakala. Mama wa Kemilembe. Februari 1999. Apewe siku atakapoacha kuogopa."

Mwenyekiti alieleza kwamba anamkumbuka mama huyo. Alikuja kwa miguu yake, akiwa amevaa gauni la kijani, na alipotoka alimwuliza kama mvua itanyesha.

Bi. Bernadeta alisema kwa maoni yake siku haijafika, kwani leo Katibu ametetemeka mpaka meza ikatetemeka. Ndg. Shilogile alisema ametetemeka, lakini amebonyeza. Bi. Bernadeta alifikiri, kisha akasema hilo ni kweli, liandikwe.

ILIAMULIWA kwamba hakuna mjumbe anayeweza kupima woga wa mwingine. Katibu ataiomba bahasha yake mwenyewe, siku yoyote, bila kikao. Mtunzaji wa nakala ya kwanza ni Bi. Kokuhirwa, na wa nakala ya pili ni Ndg. Shilogile, ambaye ataziweka Kashai, kwenye chumba anachopanga akiwa Bukoba.

Katibu alishukuru. Aliomba bahasha yake ikae na zile nyingine kwa sasa.

KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa 11:35 jioni. Mwenyekiti aliomba kila mmoja achukue punje moja ya kahawa, na alichukua mbili, ya pili akaiweka juu ya kiti.

Ishengoma, Mwenyekiti ....................

K. Buberwa, Katibu ....................

NAMNA YA KUMPATA KATIBU

Hii ni kwa yule aliyeambiwa na shangazi au bibi kwamba mama yake au baba yake aliwahi kuja kukaa kwenye benchi letu.

Usiandike barua, zinafunguliwa njiani. Panda gari hadi Muleba, kisha linalokuja Kagoma. Shuka kanisani. Usimwulize mtu barua; ukiulizwa unatafuta nini, sema umekuja kuulizia miche. Zunguka nyuma ya ukumbi. Alhamisi ni nzuri zaidi, kwa sababu jenereta inakuwa imewashwa na hakuna wa nje atakayesikia. Taja ndizi iliyokuwa karibu na mlango wenu, na useme ilikuwa upande gani wa nyumba. Kama huikumbuki, njoo tu, tutaitafuta pamoja.

Wiki ijayo Katibu hayupo, yuko warshani. Baada ya hapo utamkuta kwenye kreti la soda au, Mungu akijalia, kwenye kiti. Kama hayupo kabisa, nenda Kashai, uulize Msukuma wa samaki asiyejua Kihaya. Watu watacheka, lakini watakuonyesha.

Ukifika na kukuta Nshakala bado iko kwenye sanduku la bahasha la Bi. Kokuhirwa, usishangae. Chukua ya kwako. Mwenye hiyo anajua ilipo.